Biringanya la kujaza na jibini: la Kigiriki, la Kiitaliano, au la kuviringisha?

Mapishi ya biringanya lililojazwa na kufunikwa kwa jibini yanafanana sana kwenye picha. Utaona nusu ya biringanya, juu pamebadilika rangi ya dhahabu, pembeni kuna jani la kijani la mapambo. Ukiingia jikoni ndipo unapogundua kwamba udugu wao ni wa mbali. Moja linataka nyama ya kusaga na maziwa, jingine linataka mkate uliolala, na la tatu halichimbwi hata kidogo, linakatwa vipande virefu na kuviringishwa. Kila moja lina jibini yake na moto wake. Anayechagua kwa picha huishia na jibini inayochuruzika mafuta juu, na chini yake biringanya gumu ambalo mgeni analizungusha mdomoni kwa heshima tu.

Nalinganisha matatu: papoutsakia ya Ugiriki, melanzane ripiene ya kusini mwa Italia, na involtini, ambayo nayo ni ya Waitaliano. Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Ukitaka kuchagua, pishi liache kwanza. Angalia jibini uliyonayo, au utakayoipata bila kuzunguka mji mzima, kisha angalia moto ulionao. Ukishayajua hayo mawili, pishi litakuwa limeshajichagua.

Kuna watakaouliza mbona Waturuki nimewaacha. Karnıyarık na imam bayıldı ni mapishi mazuri ya biringanya la kujaza, lakini kwa asili hayana jibini. La kwanza ni la nyama ya kusaga na huliwa la moto pamoja na wali. La pili ni vitunguu, nyanya na mafuta mengi ya zeituni, nalo huliwa likiwa limepoa. Ndivyo ilivyo pia kwa vile vibiringanya vidogo vya Wagujarati wa Dar na Mombasa, vinavyochanwa msalaba na kushindiliwa karanga, nazi na kotmiri. Ukivimwagia jibini umeviharibia ladha, na jibini yako pia umeipoteza.

Kwanza biringanya lenyewe

Mapishi yote matatu yanaharibika mahali pamoja, nako ni gengeni. Yale mabiringanya makubwa ya zambarau iliyokoza, ya mbegu ya Black Beauty, ndiyo yanayofaa kuchimbwa kwa sababu yana tumbo pana. Marefu membamba yanafaa kuviringishwa, ingawa vipande vyake huwa finyu. Nyanya chungu hazihusiki hapa, wala usijaribu.

Mama wa genge la mtaani kwetu keshanizoea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unabonyeza yote tena, au unanunua?"

"Nanunua, mama. Nataka mawili yanayolingana."

"Basi chukua hilo, hilo dume. Halina mbegu."

Habari ya dume na jike utaisikia kila soko, ila mmea hauijui. Tunda la biringanya halina jinsia, na umbo la kitovu chake chini halikwambii lolote kuhusu mbegu. Mbegu zinakuja na umri. Biringanya lililoachwa shambani hadi likakomaa kupita kiasi lina mbegu za kahawia na uchungu, liwe na kitovu cha mviringo au cha mfereji. Kwa hiyo bonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ikirudi mahali pake, ni bichi na bora. Alama ikibaki, liache. Kikonyo kiwe cha kijani, ngozi iwake, na ukilipima mkononi liwe zito kuliko ulivyolitazamia. Kulingana kwa ukubwa ni muhimu pia, maana trei moja haiwezi kuivisha biringanya la gramu 250 na la gramu 500 kwa wakati mmoja.

Nyama ya biringanya imejaa vijitundu vya hewa, na hapo ndipo linapopata sifa mbaya ya kunywa mafuta. Ukilitia bichi kwenye kikaango chenye mafuta, hewa inatoka na mafuta yanaingia mahali pake. Wagiriki na Waitaliano wa zamani walikaanga bila kujali, na ladha yake ni tamu kweli, sikatai. Kwa nyumbani, na kwa bei ya mafuta ilivyo, mimi naoka. Pasua nusu kwa urefu, chora nyama yake kwa kisu kama nyavu bila kutoboa ngozi, paka kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa kila nusu, nyunyiza chumvi, laza uso chini kwenye trei. Kwa moto wa nyuzi 200 inachukua dakika 30 hadi 35. Kipimo ni hapo karibu na kikonyo, kwa sababu ndipo panapoiva mwisho. Mpini wa kijiko ukizama bila ubishi, tayari.

Na chumvi ya kulowesha nusu saa? Kwa nusu zinazookwa, ruka. Mabiringanya mengi ya siku hizi hayana uchungu wa kuogopesha. Kwa vipande vya kukaanga ni habari nyingine, maana chumvi inatoa maji na kuvibana vile vijitundu, hivyo mafuta yanayonyweka yanapungua. Vifute vizuri kabla ya kutia motoni.

Kuna sheria moja inayoyashika mapishi yote matatu: biringanya liive kabisa kabla jibini haijaingia. Ule mzunguko wa pili wa oveni ni wa kuunganisha ladha na kugeuza rangi tu. Biringanya lililoingia nusubichi litatoka nusubichi.

Papoutsakia: nyama, mdalasini na sosi nyeupe

Wagiriki huchukua nusu ya biringanya lililoiva, hulibonyeza katikati ili lipate shimo, hulijaza nyama ya kusaga iliyopikwa na nyanya, kisha huifunika kwa sosi nyeupe nzito ya maziwa na jibini. Ukiijua musaka, basi hii ni ndugu yake, ila kila mtu anapata chake badala ya kukatiwa kipande. Sosi nyeupe katika mapishi ya namna hii ni ya juzijuzi. Kwa kawaida sifa hupewa Nikolaos Tselementes, mpishi wa mwanzoni mwa karne ya 20 aliyependa mno mtindo wa Kifaransa na kuuingiza katika vyakula vya kwao.

Kwa watu wanne, mabiringanya makubwa mawili yanatosha. Nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 300, kitunguu kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, nyanya mbili zilizoparuzwa, kijiko cha nyanya ya kopo, na mdalasini. Mdalasini ndio unaoibeba ladha yote. Aliyekua na pilau ya Pwani hatashangaa kuukuta kwenye nyama. Usiweke zaidi ya nusu kijiko cha chai, na usiongeze hiliki wala bizari ukaishia na sambusa isiyo na manda. Pika mpaka mchuzi ukauke kabisa na ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi. Nyama yenye maji italowesha kila kitu na sosi itateleza.

Sosi: yeyusha siagi gramu 40, tia unga wa ngano gramu 40, koroga dakika mbili bila kuuacha ubadilike rangi, kisha mimina maziwa mililita 400 kidogo kidogo huku unakoroga. Ikishakuwa nzito kiasi cha kubaki mgongoni mwa kijiko, epua, acha ipoe kidogo, tia kiini cha yai moja, kungumanga, na jibini iliyokunwa gramu 50. Wenyewe hutumia kefalotyri, jibini ngumu ya maziwa ya kondoo na mbuzi yenye chumvi kali. Mimina juu ya nyama, nyunyiza jibini kidogo tena, rudisha ndani dakika 20 hadi 25.

Uzuri wa pishi hili hauonekani kwenye picha, nao ndio unaonifanya nilipendekeze kwa mwenye jibini ya kawaida. Jibini ikipata moto mkali peke yake, protini zake hujikaza na kuyakamua mafuta yatoke. Ndipo unapoona vidimbwi vya njano juu na utando mgumu chini yake. Ndani ya sosi yenye unga, wanga unaizuia isiachane. Kwa hiyo cheda ya bei nafuu, ile ambayo ikiwekwa peke yake juu ya chakula hugeuka mafuta, hapa inatulia kabisa. Hata zile jibini laini za kufungwa kwenye karatasi za plastiki, kipande kimoja kimoja, zinayeyuka humu bila kuleta fujo. Ladha yake ni hafifu tu, ongeza kungumanga na pilipili manga.

Ubaya wake ni vyombo. Utachafua trei, kikaango, sufuria ya sosi, mwiko na kiparuzio, na hesabu saa moja na nusu hadi mbili kwa raha. Ni chakula kizito vilevile. Watu hukiweka na wali, nami naona wali juu ya nyama, maziwa na jibini ni kumwonea mlaji. Kachumbari yenye ndimu nyingi inakitosha.

Melanzane ripiene: mkate uliolala unafanya kazi ya nyama

Calabria, Sicilia na Campania kila mahali wana yao, na kila nyumba ina yake. Kilicho sawa ni kwamba kile unachokichimba hakitupwi, kinarudi ndani. Nyama ya biringanya inakatwakatwa, inakaangwa na kitunguu saumu na nyanya, inachanganywa na chenga za mkate, jibini ngumu iliyokunwa, yai na majani ya mrehani, kisha inarudishwa kwenye ganda lake. Zipo zenye nyama ya kusaga, lakini zile zisizo nayo ndizo zilizonishika. Kusini mwa Italia nyama ilikuwa ya sikukuu kwa familia nyingi, na mkate mkavu pamoja na jibini ya kondoo ndivyo vilivyotia uzito na utamu mahali pake.

Mkate uchague vizuri. Mkate wa slesi wa dukani una sukari, na sukari hiyo utaionja. Tumia boflo wa jana au juzi, usagusage kwa mkono uwe na chenga kubwa na ndogo. Usitumie ule unga laini wa mkate unaouzwa kwenye pakiti, unageuza mjazo kuwa uji mzito.

Vipimo vya nusu nne: ukishaoka, chimba kwa kijiko uache ukuta wa sentimita moja. Nyama uliyochimba ikatekate, ikaange kwa vijiko viwili vya mafuta ya zeituni na saumu, ongeza nyanya moja iliyoiva, acha maji yakauke. Epua, ipoe, tia chenga za mkate gramu 80, jibini ngumu gramu 50, yai moja, mrehani uliochanwa kwa mkono, pilipili manga. Chumvi onja kwanza, jibini keshaleta yake. Mjazo ukiufinyanga uwe unashikana bila kunata. Ukinata, mkate kidogo. Ukimeguka, nyanya kidogo. Ndani ya kila nusu zika vipande vya mozarela au gauda, nyingine weka juu, jumla gramu 100 hivi. Panga kwenye trei yenye rojo jepesi la nyanya chini, dakika 25 kwa nyuzi 200.

Hapa biringanya ndilo linalosema. Katika papoutsakia ni chombo cha kubebea nyama, na hata likiwa la wastani hakuna atakayeona. Katika ripiene biringanya baya halina pa kujificha, na jibini hali kadhalika. Kwa hiyo pesa unayookoa kwenye nyama, iongeze kwenye jibini. Gramu 50 za jibini yenye ladha kali zina kazi kuliko gramu 200 za isiyo na ladha.

Jambo jingine linaloipa alama kwangu ni kwamba ni tamu ikiwa vuguvugu, na kesho yake ni tamu zaidi. Mwezi wa Ramadhani unaweza kuitengeneza mchana, ukaitia moto wa mwisho magharibi inapokaribia. Papoutsakia haikuvumilii hivyo, sosi ikipoa inashikana na ikirudi motoni inakuwa na chembechembe.

Involtini: nzuri machoni, ngumu mikononi

Vipande virefu vya unene wa nusu sentimita, vilivyotiwa chumvi nusu saa, vikafutwa, vikapakwa mafuta na kuchomwa kwenye kikaango mpaka vilegee. Unaweka kijiko cha rikota, jibini nyeupe laini, iliyochanganywa na jibini ngumu, yai na mrehani, unaviringisha, unavipanga mshono chini kwenye rojo la nyanya, unatia jibini juu, dakika 20.

Kazi iko kwenye vipande. Kikiwa kinene hakikunji, kikiwa chembamba kinachanika, na biringanya moja likikupa vipande sita vya maana, shukuru. Mlaji mmoja anataka vitatu au vinne. Kwa familia ya watu sita utasimama jikoni mpaka miguu ikuume. Ndiyo maana kati ya mapishi haya matatu involtini naipika kwa nadra, tena kama kitangulizi cha mezani.

Ina faida moja kubwa, hata hivyo. Jibini yake ya ndani unaweza kuitengeneza mwenyewe. Rikota halisi hutokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine, lakini ya nyumbani ya maziwa kamili inaziba nafasi vizuri. Chemsha lita mbili za maziwa, epua, mimina maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja huku unakoroga taratibu. Vijiko vinne au vitano vya chakula kwa kawaida vinatosha. Maziwa yatakatika, na yale maji yakishakuwa na rangi ya kijani iliyofifia badala ya weupe, acha. Chuja kwa kitambaa cheupe safi. Utapata gramu 300 hadi 400. Maziwa mabichi ya kuchemsha nyumbani yanatoa mabonge mazuri. Ya boksi yanayokaa bila friji hutoa chembe ndogo na laini zaidi. Jibini ya aina hii, iliyokatwa kwa ndimu na moto, haiyeyuki hata uifanyeje. Ndani ya mviringo hiyo ndiyo sifa unayoitaka, kwa sababu haitoki ikakimbilia kwenye rojo.

Jibini ipi iende wapi

Mozarela inayouzwa ndani ya maji na ile ya bonge kavu ni vitu viwili tofauti jikoni. Ya majini ina unyevu mwingi. Ukiiweka moja kwa moja juu ya biringanya inatoa ziwa. Ichane, iweke kwenye chujio nusu saa. Ya bonge haina shida hiyo na inavutika vizuri, kwa hiyo kwa mapishi haya ninaichukua hiyo na ya majini nailia na nyanya mbichi.

Gauda sijui kwa nini watu hawaitumii zaidi. Inayeyuka kwa adabu, ina ladha, na inatengenezwa hukuhuku kwetu. Walioko Goma na Bukavu wana jibini ya Masisi inayofanana nayo, Rwanda wana ya Gishwati, na Kenya hukosi gauda ya nyumbani madukani. Tanzania, Njombe kuna kiwanda cha maziwa chenye mizizi ya Kiitaliano kinachotoa jibini za mtindo huo, na ukizikuta, ripiene yako imepata wenyewe.

Cheda naipeleka kwenye sosi ya papoutsakia, kama nilivyosema. Feta haivutiki, inalainika tu; ivunjevunje ndani ya mjazo wa ripiene na upunguze chumvi kwingine kote. Panir ya maduka ya Kihindi ina tabia ileile ya rikota ya nyumbani, kwa hiyo juu ya chakula itakauka badala ya kuyeyuka. Jibini iliyokunwa tayari kwenye pakiti hupakwa wanga isishikane, na wanga huo unaifanya iyeyuke kwa kusuasua. Nunua bonge ukune mwenyewe, ni kazi ya dakika mbili.

Parmigiano Reggiano, ile ya kweli iliyolala miezi isiyopungua 12, ni ghali, ila hutahitaji nyingi. Kuna jambo lake moja la kujua kabla hujaalika watu: hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Jirani asiyekula nyama hataila, na Mwislamu anayechunga namna mnyama alivyochinjwa atataka kujua. Jibini nyingi nyingine hugandishwa kwa vimeng'enya visivyo vya mnyama, na mara nyingine kibandiko husema. Hapohapo kwenye imani, Wayahudi wa Uturuki na Ugiriki, ambao dini yao haichanganyi nyama na maziwa, wana biringanya lao la kujaza jibini tupu bila nyama, ushahidi kwamba pishi hili linajitosheleza bila nyama hata kidogo.

Moto ulionao

Mwenye oveni hana swali. Aweke jibini kwenye ule mzunguko wa pili tu, si tangu mwanzo, basi. Yale majiko madogo ya kisasa ya kupuliza hewa ya moto yanaivisha haraka, ila upepo wake unakausha jibini kabla haijatulia. Punguza hadi nyuzi 180 na funika kwa karatasi ya foili nusu ya muda.

Wengi wetu tuna jiko la mkaa, na sioni kwa nini tukate tamaa. Anayejua kupalia wali anajua kupika hili. Oka biringanya au lipike kwa mvuke kwanza, dakika 15 za mvuke zinatosha zile nusu kulainika. Jaza. Tandaza rojo la nyanya kwenye sufuria nzito yenye tako bapa, panga nusu zako juu yake zisiguse chini, funika kwa bati au mfuniko usio na kishikio cha plastiki. Makaa ya chini yawe machache, karibu kuzimika, juu yajaze. Ni moto wa juu unaotakiwa. Baada ya dakika 15 inua mfuniko kwa uangalifu jivu lisianguke ndani. Jibini ikiwa imevimba na kuanza madoa ya kahawia, epua. Papoutsakia inaiva vizuri sana hivi, pengine kuliko oveni ndogo ya umeme ambayo moto wake wa juu ni wa kubahatisha.

Kwa mwenye gesi peke yake, nashauri ripiene au involtini kwenye kikaango kipana chenye mfuniko. Jibini itayeyuka kwa mvuke lakini haitabadilika rangi. Dawa yake ni kukaanga chenga za mkate pembeni na mafuta kidogo na kitunguu saumu mpaka ziwe kahawia na kavu, kisha unazinyunyiza juu wakati wa kupakua. Rangi inapatikana, na mlio wa kutafuna pia. Papoutsakia kwenye gesi tupu usijaribu, sosi isiyopata moto wa juu inabaki nyeupe na ina sura ya chakula cha mgonjwa.

Kwa anayetaka kuyaona kwa pamoja:

| | Papoutsakia | Ripiene | Involtini |
|---|---|---|---|
| Muda | saa 1½ hadi 2 | saa 1¼ | saa 1½, nyingi ni kusimama |
| Gharama iko kwenye | nyama, maziwa | jibini | maziwa ya rikota |
| Jibini ya kawaida inatosha? | ndiyo | inaonekana udhaifu wake | ndani ndiyo, juu gauda |
| Mkaa wa kupalia | vizuri sana | vizuri | vizuri |
| Gesi tupu | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Kesho yake | wastani | bora | wastani |

Ningekuwa wewe

Jumatano jioni, watoto wana njaa, una boflo wa juzi na kipande cha gauda: ripiene, bila kufikiri mara mbili. Watoto wasiopenda biringanya mara nyingi hawalitambui likishakatwakatwa na kuchanganywa na mkate.

Wakwe wanakuja Jumapili: papoutsakia. Kila mtu anapewa nusu yake, hakuna kugombea kona ya trei, na nyama ipo kwa anayehesabu nyama. Tengeneza nyama Jumamosi, sosi ufanye siku yenyewe. Mwenye ugeni wa watu kumi na zaidi aachane na yote matatu apike parmijana, yaani biringanya, rojo la nyanya na jibini tabaka juu ya tabaka kwenye trei moja. Kujaza nusu kumi na zaidi moja moja ni adhabu.

Involtini ni ya marafiki wawili watatu na mazungumzo marefu, hasa kama una muda wa kukatisha maziwa asubuhi. Na yale maji ya maziwa yanayobaki baada ya kuchuja usiyamwage. Kandia unga wa chapati.